Nguzo Iliyosogea

Daktari alimwambia Fundi atafute kazi ya mikono isiyomkimbiza. Presha yake ilikuwa inapanda, na miaka thelathini ya kuinamia cherehani huku wateja wamesimama mlangoni wakiulizia nguo za harusi ya kesho haikuwa imemsaidia. Ndiyo maana akajiandikisha kwenye warsha ya siku saba ya kuchora mandhari, iliyokuwa ikifanyika uwanja wa nyuma wa chuo cha ufundi. Akanunua brashi tatu, kisanduku cha rangi za maji na kofia pana ya jua. Mdogo wake alipoiona ile kofia alicheka mpaka akakaa chini.

"Utaweza kunyamaza saa nne nzima, dada?"

"Nikishindwa nitarudi kushona."

Mdogo wake huyo aliishi ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko uliotazamana na chuo. Mumewe alikuwa mwashi, na watu wote walimwita Zege. Nyumba yao aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, siku ambazo hakuwa na kazi ya watu, na hakupenda mtu aseme neno baya juu yake. Ni Zege huyohuyo aliyempa Fundi jina la King'ora. Miaka miwili nyuma Fundi alisikia harufu ya gesi jikoni kwao. Akawatoa wote nje, akawatoa na majirani, akasimama barabarani akizuia watu wasipite. Mwisho wa yote kikaonekana kitunguu kilichooza nyuma ya jiko. Tangu hapo kila akienda kuwatembelea, watoto wawili wa mdogo wake walimpokea getini kwa mlio wa gari la zimamoto. Fundi alicheka pamoja nao. Lakini lile jina lilikuwa limemchoma, na alijifunza kuuma ulimi kabla ya kusema ana wasiwasi.

Warsha ilianza Jumatatu. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wengi wao wastaafu. Mwalimu alikuwa mtu mrefu, mkavu wa maneno, aliyechora nje miaka mingi hadi shingo yake ikawa na rangi mbili: iliyochomwa na jua na iliyofichwa na kola. Alimpa kila mmoja kipande cha kadibodi kilichotobolewa dirisha katikati, akasema kila mtu achague sehemu moja ya mandhari, aichore hiyohiyo kila asubuhi, kwenye kiti kilekile, saa ileile.

"Tutachoka," alisema daktari wa meno mstaafu aliyekaa karibu na Fundi.

"Ndiyo maana yake," Mwalimu akajibu. "Mgeni anaona uzuri. Mwenyeji anaona tofauti. Finyeni macho mpaka vitu vidogo vipotee. Anzeni na vivuli, kwa sababu jua halina subira na mtu. Halafu, na hili nitalirudia mpaka mnichukie, usichore unachokijua. Chora unachokiona."

Fundi alichagua mteremko wa kwa mdogo wake. Juu kabisa palikuwa na tangi kubwa la maji lililokaa juu ya mwamba. Chini yake ilisimama nguzo ya umeme, na chini ya nguzo paa la nyumba ya Zege, na kando yake paa dogo la mzee mmoja kinyozi. Kutoka pale alipokaa, nguzo iligusa ukingo wa kushoto wa tangi, sawasawa, kama pindo lililopigwa pasi. Akafurahi. Ukishapata mstari mmoja ulionyooka, vingine vyote utavipima kutoka hapo.

Usiku wa kuamkia Jumanne mvua ilinyesha, na usiku uliofuata ikanyesha tena. Asubuhi ziliamka safi, zenye ukungu mwepesi bondeni, na Mwalimu aliwasifia ukungu ule kana kwamba ameuagiza yeye.

Jumatano Fundi aliinua kadibodi yake, akafumba jicho moja, akashusha mkono. Akainua tena. Kati ya nguzo na tangi palikuwa na mwanga, mwembamba kama uzi wa kushonea. Mtu mwingine asingeuona. Lakini yeye maisha yake yote alikuwa akitafuta mwanga wa namna ile, mahali ambapo kitambaa kimeachana na kingine.

Akachora alichokiona. Mwalimu alipopita nyuma yake alisimama, akaweka michoro mitatu sambamba juu ya nyasi.

"Nguzo yako imehama."

"Imehama kweli, Mwalimu. Nimeangalia mara mbili."

"Kilichohama ni kiti. Ukisogeza kiti hatua moja, dunia nzima inasogea." Akawageukia wengine. "Hili ni kosa la kila mtu, msimcheke."

Wakamcheka, kwa upole. Fundi naye akatabasamu, na masikio yakamwaka moto. Kabla ya kuondoka siku hiyo aliokota vijiti vinne, akavipigilia ardhini kwa jiwe kando ya miguu minne ya kiti chake, pale pale kilipokuwa.

Alhamisi alifika kabla ya wenzake. Vijiti vilikuwepo. Akaweka kiti katikati yake, akakaa, akasubiri pumzi itulie, akainua kadibodi. Uzi ulikuwa umekuwa sindano. Sindano nene, ile ya kushonea magunia.

Akashusha kadibodi. Akajaribu kujikaza. Labda kadibodi imelowa ikajikunja. Labda ni presha, macho yanadanganya. Akapanga hesabu zote za kumtoa kwenye hofu, na kila moja ikaishia palepale: mwamba hauondoki, kwa hiyo kilichoondoka ni nguzo, na nguzo imesimama kwenye udongo, na udongo ule ule ndio uliobeba chumba wanacholala wale watoto. Alichora nguzo ilivyokuwa. Mwalimu alipokaribia, akaufunika mchoro kwa kofia yake, akajifanya anapangusa jasho.

Mchana alimpigia mdogo wake simu.

"Nyumba haijambo?"

"Nyumba? Toka lini nyumba ikaulizwa hali?"

"Nauliza tu. Mvua hizi."

"Ah, mvua. Mlango wa jikoni umevimba, haufungi. Zege ameupiga randa jana. Na kule kwa watoto kulikuwa na kaufa kadogo juu ya dirisha, ameshaziba."

Fundi alibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ya mdogo wake akamsikia Zege akisema kwa mbali, "Mwambie shemeji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba." Halafu ukafuata mlio mrefu wa king'ora, na watoto wakaudaka, nyumba nzima ikacheka.

"Ulikuwa unataka kusema nini, dada?"

Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Akayaona yakitoka, akasikia na kicheko kitakachofuata.

"Hakuna. Nisalimie wote."

Alipokata simu alikaa juu ya kitanda, akaitazama mikono yake. Kwa mwoga huenda kicheko, alijiambia. Waliomfundisha methali ile hawakumfundisha jinsi ya kukivumilia hicho kicheko. Akaahidi nafsi yake kwamba kesho akiona tena, atasema.

Ijumaa palikuwa na manyunyu. Wanafunzi saba tu ndio waliofika, wakajibana chini ya turubai ambalo Mwalimu alilifunga kwenye miti miwili. Kiti cha Fundi kilikuwa ukingoni, nusu yake kikilowa, na hakukubali kukihamisha. Alipoinua kadibodi hakuhitaji kufumba jicho. Nguzo ilikuwa imejitenga na tangi, tena imeinama, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chini. Waya upande mmoja ulilegea, upande mwingine ulikaza. Akaichora haraka, ilivyo.

Alisimama na michoro yake mitano mkononi, akaenda kwa Mwalimu.

"Naomba uniangalizie. Sikuhamisha kiti. Nimekipigilia vijiti."

Mwalimu alimtazama usoni, akaipokea. Aliipanga michoro mitano juu ya meza. Kisha akafungua jalada lake, akatoa ya kwake mitano, kwa kuwa naye kila asubuhi alikuwa akichora mteremko uleule kuwaonyesha mfano. Katika michoro yake yote nguzo ilisimama wima, imegusa tangi.

"Unaona," alisema, na palikuwa na nafuu katika sauti yake. "Yangu iko palepale."

Fundi alimpa kadibodi yake. Mwalimu akaenda kukaa kwenye kile kiti kilicholowa, akaangalia. Akakaa muda mrefu. Manyunyu yalimlowesha mabega na hakujifuta. Aliporudi mezani aliigeuza michoro yake kifudifudi, mmoja baada ya mwingine.

"Sikuitazama," alisema kwa sauti ya chini. "Niliichora Jumatatu, basi. Siku zote hizi nimekuwa nikiinakili kutoka kichwani." Kisha akauliza, "Nani anakaa chini ya ile nguzo?"

"Mdogo wangu. Na watoto."

"Umeshamwambia?"

"Bado."

Hakumlaumu. Alichukua michoro mitano ya Fundi, akaikunja ndani ya plastiki, akasema yeye ataipeleka ofisi ya serikali, Fundi atangulie kwa mdogo wake. Daktari wa meno, aliyekuwa amesikia yote, akatoa ufunguo wa gari bila kuombwa, akampeleka.

Njiani simu ililia. Alikuwa Mwalimu, na alikuwa akihema kwa hasira. Ofisa aliyempokea alisema mchoro si ushahidi, mtu anaweza kuchora hata nyumba ikiruka angani. Mhandisi atapita Jumatatu. "Nimemwambia nitakaa hapahapa mbele ya meza yake mpaka apige simu," alisema Mwalimu. "Wewe nenda."

Zege alikuwa nyumbani, kwa sababu ya mvua hakukuwa na kazi. Watoto walikuwa sebuleni wakifanya hesabu walizopewa za likizo. Walipomwona mama yao mkubwa amelowa, anahema, yule mtoto wa mwisho alifungua kinywa kutoa mlio, mkubwa wake akamfinya.

"Tokeni humu ndani," Fundi alisema. "Naomba. Leo, sasa hivi. Mlima unashuka."

Zege aliweka kikombe chini, taratibu. "Karibu shemeji. Kaa kwanza. Nani kakwambia mlima unashuka?"

"Nimeuchora."

Ilitoka vibaya, na alijua imetoka vibaya. Mdogo wake alimtazama mumewe. Zege alijitahidi asicheke, akashindwa kidogo.

"Dada," mdogo wake alisema, "daktari alisemaje kuhusu presha?"

Hapo Fundi aliona hatawaweza kwa maneno. Mkono wenyewe ukaingia kwenye mkoba, ukatoa futi ya kitambaa, ile asiyotembea bila kuwa nayo. Akaenda kwenye chumba cha watoto.

"Shemeji, njoo unishikie upande mmoja."

"Wa nini?"

"Wewe ulipojenga chumba hiki ulipima pembe kwa pembe?"

"Nilipima mara tatu. Kila fundi anapima. Zikilingana, chumba kimenyooka."

"Haya, shika."

Futi ilikuwa fupi, ikabidi waunganishe vipimo kwa kuweka alama za chaki sakafuni. Pembe hii kwa ile. Kisha ile nyingine. Fundi alisoma namba kwa sauti. Zege akasema amekosea, akamnyang'anya futi, akapima mwenyewe, amepiga magoti. Akapima tena. Tofauti ilikuwa vidole vinne. Chumba kilikuwa kimekaa mshazari, kama kitambaa kilichovutwa na mtu upande mmoja.

Zege alibaki amepiga magoti. Aliitazama ile lipu mbichi juu ya dirisha, aliyoipaka juzi, na katikati yake ulishapita ufa mpya, mwembamba, umenyooka. Akainuka, akatoka kwa mlango wa jikoni. Ule mlango aliupiga randa juzi, na sasa alilazimika kuusukuma kwa bega. Walimsikia akipanda nyuma ya nyumba kwenye nyasi. Aliporudi suruali yake ilikuwa na tope mpaka gotini, mguu mmoja tu.

"Kuna mpasuko kule juu," alisema. "Mguu umezama wote." Hakuwa akimwambia mtu yeyote hasa. Kisha akamgeukia mkewe. "Toa watoto."

Walichukua mifuko ya shule na nguo walizokuwa nazo mwilini. Mdogo wake alikimbia nyumba kwa nyumba upande wa kulia, na watu walipomwona Zege mwenyewe akiwa nje ya nyumba yake, kichwa wazi kwenye mvua, hawakuuliza maswali mengi. Fundi akaenda kwa kinyozi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kunyolea, amewasha redio.

"King'ora," alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Leo kimeoza nini?"

"Mzee wangu, naomba utoke. Nitakubeba mgongoni."

"Utanibeba wewe? Na nani atakubeba wewe? Nenda binti, mvua ikikatika nakuja."

Alimwomba, akamshika mkono, mzee akauondoa mkono wake kwa adabu. Fundi akarudi barabarani, akamwambia Zege. Zege alitukana kimoyomoyo, midomo ikicheza tu, akashuka mbio kwenda kwa mzee.

Ilikuwa kama saa sita. Mvua ilikuwa imepungua. Fundi alikuwa amewashika watoto mikono, mmoja huku mmoja huku, ng'ambo ya barabara karibu na gari la daktari wa meno, mdogo wake akiwahesabu majirani kwa kidole. Kitu cha kwanza walichosikia ni waya kukatika, mlio mkali kama kamba ya gitaa. Nguzo ikalala. Halafu mteremko ukaanza kutembea. Haukuanguka, ulitembea, nyasi zikiwa bado zimesimama juu yake, na ukafika kwenye nyumba ya Zege ukaisukuma kwa bega kama vile Zege alivyousukuma mlango. Ukuta wa nyuma ukaingia ndani. Nyumba ya kinyozi ikakunjwa yote na kufunikwa.

Mdogo wake hakupiga kelele. Alianza kutembea kuelekea kule, na Fundi akaachia mikono ya watoto, akamkumbatia kiuno kwa nyuma, akamng'ang'ania. Daktari wa meno akawadaka watoto. Udongo uliendelea kushuka kidogokidogo, mawe madogo yakibingirika mpaka barabarani. Fundi hakujua walisimama hivyo muda gani. Alichokihisi ni moyo wa mdogo wake, ukigonga kwenye mikono yake, na wake mwenyewe ukigonga mgongoni kwa mwenzake, na hakuweza kutofautisha upi ni wa nani.

Zege alitokea upande wa chini, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiangalia. Alikuwa amefunikwa tope kichwa mpaka miguu, amembeba mzee mgongoni. Walikuwa wametoka mlangoni pale udongo ulipofika, ukawabeba kama hatua thelathini na kuwatupa kwenye mfereji. Mkono wa Zege ulivunjika. Mguu wa mzee ulivunjika mara mbili, na hospitali walisema hautakunjika tena kama zamani. Nyumba tatu zilikwenda. Hakufa mtu.

Mwalimu alifika na ofisa mchana ule, na nyuma yao magari mengine mengi. Ofisa alikuwa ameshika ile plastiki yenye michoro. Alimwuliza Fundi kama anaweza kuibakiza kwa ajili ya kumbukumbu, naye akamwambia aichukue, hataki kuiona. Warsha haikumalizia siku mbili zilizobaki. Mwalimu alikuja dukani kwake baada ya wiki kumwambia ataanzisha nyingine, na asingependa kufundisha bila yeye kuwepo. Fundi alimshukuru, akamwambia atafikiria.

Mdogo wake na familia yake walihamia kwake, vyumba viwili na duka la kushonea mbele. Watu wa mtaa walimsifu. Wateja walikuja kumshika mkono. Zege, mkono ukiwa kwenye plasta, alimwita shemeji kwa heshima mpya iliyomkera kuliko lile jina la zamani. Kila aliposifiwa Fundi alijisikia kama amevaa nguo ya mtu.

Siku moja, mchana, walikuwa wawili tu dukani. Mdogo wake alikuwa akikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo zilizoshonwa.

"Niliiona Jumatano," Fundi alisema.

"Uliona nini?"

"Nguzo. Niliiona Jumatano, nikaiona na Alhamisi. Nilipokupigia simu nilikuwa najua. Nilisikia mnacheka, nikaogopa."

Mkasi ulisimama. 

"Siku mbili," mdogo wake alisema.

"Siku mbili."

"Watoto walilala mle chumbani siku mbili."

"Najua."

"Ungeniambia Alhamisi, ningecheka. Zege angecheka zaidi yangu."

"Najua."

"Lakini ungeniambia. Nikicheka, basi nimecheka, lakini umeshaniambia. Huwezi kuniamulia wewe kwamba sitasikia." Sauti yake ilikatika. "Na yule mzee labda angekuwa anatembea."

"Kila Jumapili nikienda kumwona nawaza hilohilo. Bado sijamwambia."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Mdogo wake aliinamisha kichwa, akaendelea kukata nyuzi. Hakusema amesamehe. Baadaye alisukuma nusu ya rundo la nguo zile upande wa dada yake, pamoja na mkasi wa pili, na Fundi akaanza kukata. Nje mvua ilianza, matone makubwa juu ya bati, na wote wawili wakanyanyua vichwa kwa wakati mmoja, wakakaa wakisikiliza, mpaka ilipopita.